Unga, Maji na Dakika 18

Ukioa katika familia ya Kiyahudi, sikukuu ya kwanza kukugusa tumboni ni Pasaka yao. Siku nane (Israeli ni saba) nyumba nzima haina mkate, haina tambi, haina bia. Kinachobaki ni matza. Nililelewa Mkristo, Moshi, na habari ya mikate isiyotiwa chachu niliijua tangu utotoni: watu waliotoka Misri mbio bila kungoja unga uumuke. Haikunijia akilini kwamba yupo fundi anayeioka mpaka leo, wala kwamba kazi yenyewe ni ngumu kiasi kile. Baba mkwe ndiye aliyenipeleka Crown Heights, Brooklyn, majuma machache kabla ya sikukuu, nikajionee.

Sheria yenyewe ni fupi. Unga wa ngano ukishakutana na maji, saa imeanza. Ndani ya dakika 18 uwe umekandwa, umesukumwa, umetobolewa na kuokwa. Donge likiachwa limelala likapitiliza hapo, limehesabiwa kuwa limechacha. Hamna hamira, hamna mafuta, hata chumvi hamna. Mwoka mikate hungoja jambo litokee. Mwoka matza kazi yake yote ni kulizuia.

Kwa hiyo tahadhari huanza mbali. Ngano ya matza ya mkono, ile wanayoiita shmura, hulindwa tangu kuvunwa isiguswe na maji. Maji nayo huchotwa jua linapozama, yakalazwa usiku kucha yapoe, kwa kuwa uvuguvugu huharakisha kuchacha. Pale tulipokwenda, unga ulikaa upande wake na maji upande wake, kila kimoja na mtu wake, vumbi la unga lisije likatua majini kabla ya wakati. Vilikutana kwenye beseni tu.

Donge likishakandwa hukatwa na kugawiwa kwa wanawake waliozunguka meza ndefu iliyotandikwa karatasi. Hapo ndipo niliposimama muda mrefu. Aliyezoea kusukuma chapati anajua donge lisilo na mafuta linavyojivuta kurudi lilikotoka. Hili ni kaidi zaidi, na linatakiwa liwe jembamba mno. Mama mmoja wa makamo hakutumia nguvu za mikono kabisa. Aliegemeza mwili, akasukuma kutoka katikati kwenda nje, akageuza kidogo, akasukuma tena, asilipe donge nafasi ya kutulia. Duara lake lilikwenda upande na wala hakujali. Alichokipima kwa ncha za vidole ni unene: pakibaki sehemu nene, pembeni pataungua kabla haijaiva. Mara kwa mara mmoja wao alipaza sauti kwa Kiebrania, kwamba kazi hii ni kwa ajili ya matza ya amri, na wengine wakaitikia. Matza hiyo huokwa na Wayahudi wenyewe, kwa nia hiyo, kwa hiyo mimi sikupewa kifimbo. Nafasi ya mtazamaji ilinitosha.

Gurudumu lenye meno hupitishwa juu ya kila moja, likaacha vitundu vya kutolea mvuke. Kisha matza mbichi huanikwa juu ya ufito mrefu, na mtu wa tanuri anaingia nao motoni. Kwa kuzungusha viganja anazilaza moja baada ya nyingine kwenye sakafu ya tanuri, bega kwa bega, zisigusane, zisijikunje. Iliyokunjika hukataliwa, kwani moto haufiki sawasawa ndani ya kunjo. Haipiti dakika moja zimetoka, zina madoa meusi na harufu ya moshi.

Halafu wanafanya jambo ambalo mwoka mikate yeyote angeliona ni uchizi. Karatasi zote zinang'olewa mezani, vifimbo vinakusanywa vikasafishwe mpaka kwenye mbao, mikono inaoshwa, kucha zinakaguliwa. Chembe moja ya donge la awamu iliyopita ingetosha kuharibu inayofuata.

Lakini si matza zote husukumwa kwa mkono. Mwaka 1838, huko Alsace, Ufaransa, Isaac Singer alitengeneza mashine ya kusukuma matza. Marabi walibishana miaka na miaka. Mwaka 1859 Solomon Kluger aliipinga, na moja ya hoja zake ilikuwa maskini waliotegemea ujira wa kazi ile. Joseph Saul Nathansohn akaitetea. Kwa bei, mashine imeshinda, na sioni ubaya: nani angemudu kula ya mkono siku zote nane?

Kwa wakwe zangu ya mkono huwekwa kwa ajili ya karamu ya Seder. Tatu hupangwa mezani, ya katikati inavunjwa makusudi, kipande kikubwa kinafichwa, na watoto wakikipata hawakirudishi bila zawadi. Ina ladha ya ngano iliyoungua kidogo na inavunjika kwa mlio. Baada ya hapo ni matza ya boksi, ya mraba, na ikifika siku ya sita hata baba mkwe huipaka siagi nene asiione.