Mkono wa Fundi kwenye Sudoers
Kosa lenyewe ni la kawaida. Mtu anataka kumwongeza mwenzake kwenye wasimamizi wa mashine ya Linux. Faili ya /etc/sudoers inakataa kuandikwa, naye anaipiga chmod 777. Tangu hapo kila akiita sudo, programu ya kuendesha amri kwa mamlaka ya root (msimamizi mkuu), anajibiwa kwamba faili hiyo inaandikika na yeyote, kisha programu inaacha kazi. Ruhusa zingerudishwa kwa sudo, na sudo ndiyo iliyogoma.

Nauheshimu mgomo huo. Bob Coggeshall na Cliff Spencer waliiandika sudo mnamo 1980 huko Buffalo, Marekani, na Todd C. Miller ameitunza kwa zaidi ya miaka 30. Orodha ya wenye mamlaka ambayo kila mtu anaweza kujiandika haifai kuaminiwa.

Fundi mzuri hakimbilii kusakinisha mfumo upya. Anausoma ujumbe mpaka mwisho, maana umetaja faili na kasoro yake. Kama pkexec ipo anaitumia, kwa kuwa haitegemei sudoers. Isipokuwepo, anawasha mashine katika hali ya uokoaji. Kisha anarudisha 0440: mwenye faili asome, kikundi kisome, wengine wasipate kitu. Hakuna aliyepewa kuandika, hata root. Root anaweza kulipita katazo hilo, lakini vihariri vingi humwonya kwanza.

Ustadi huonekana zaidi pale chown na chmod 777 zilipopitishwa kwa -R juu ya /usr nzima. Hapo sudo imepoteza alama ya setuid, inayoiwezesha kufanya kazi kwa mamlaka ya root hata ikiitwa na mtumiaji wa kawaida. Anayejua hurudisha umiliki kwanza, chown root:root, ndipo aweke chmod 4755. Akigeuza mpangilio, chown huifuta setuid aliyotoka kuiweka, na namba sahihi haitamsaidia. Ujumbe wa kosa haumwelezi hayo. Ni lazima aijue tabia ya kerneli. Wala hazisahau su na passwd, ambazo nazo huhitaji alama hiyo.

Mabadiliko yanayofuata huyafanya kwa visudo, inayofungua nakala ya muda na kukagua sarufi kabla ya kuipokea. Na kwenye seva ya mbali, dirisha la root halifungi mpaka sudo iitikie kwenye dirisha la pili.