Kelele na Ujumbe katika Muziki wa Metali

Miongoni mwa aina za muziki zipendwazo na vijana duniani, ni chache zilizolaumiwa na wazee na walimu kama ile iitwayo hevi metali. Husemwa kwamba ni kelele tupu, kwamba ni wendawazimu, kwamba ni ibada ya shetani. Lawama hizo aghalabu hutolewa na watu ambao hawajapata kuusikiliza muziki wenyewe hadi mwisho. Kwa upande wa pili, wapo vijana wanaouiga, tangu mavazi meusi hadi lafudhi ya mwimbaji, bila ya kujiuliza umetoka wapi na unasema nini. Makundi yote mawili hayajafanya uhakiki. Kazi ya mhakiki si kulaani wala kushangilia, bali ni kupima fani na maudhui, kisha kutoa hukumu yenye sababu.

Katika insha hii tunakusudia kuzipima albamu tano zilizotolewa mwaka 2024 na 2025, kila moja ikiwa na tawi lake katika mti huu. Swali tutakaloliuliza ni moja: je, fani ngeni ikipokewa na watu, hugeuka lini ikawa mali yao?

Kwanza yafaa tuujue mti kabla ya kuyahukumu matunda. Muziki huu ulikulia Birmingham, mji wa viwanda huko Uingereza. Kundi la Black Sabbath liliundwa mwaka 1968 na vijana wanne wa tabaka la wafanyakazi, na albamu yao ya kwanza ilitoka Februari 1970. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia na mashine ya kiwandani akiwa na umri wa miaka 17. Kwa kuwa alipiga gitaa kwa mkono wa kushoto, vidole hivyo ndivyo vilivyobana nyuzi. Alijitengenezea vifuniko vya plastiki na ngozi, na baadaye akazilegeza nyuzi ili zisimtese. Nyuzi zilizolegea zikatoa sauti nzito ya chini. Uzito wa muziki huu, basi, una jeraha la mfanyakazi ndani yake. Tena vijana hao walianza kwa kupiga bluzi, muziki wa Wamarekani weusi, wajukuu wa Waafrika waliouzwa utumwani. Anayemwita mgeni huyu mtu baki hajauliza ukoo wake.

Albamu ya kwanza tunayoipima ni Invincible Shield, yaani Ngao Isiyoshindika, ya kundi la Judas Priest, iliyotoka Machi 2024. Kundi hili nalo ni la sehemu za Birmingham, liliundwa mwaka 1969, na hii ni albamu yao ya 19 ya studio. Mwimbaji wao, Rob Halford, alikuwa na umri wa miaka 72 ilipotolewa. Hili ndilo tawi la kale. Magitaa mawili hujibizana kama malenga wawili ukumbini, beti hufuatana kwa taratibu, kibwagizo hurudi mahali pake, na maneno husikika. Kwa fani, ni kazi ya mafundi. Hakuna kipigo kilicholala. Udhaifu wake umo katika maudhui. Ngao, radi na chuma vinatajwa mara nyingi, lakini adui hatajwi, na ushujaa usio na adui hubaki kuwa pambo. Nyimbo zenye nguvu zaidi ni zile zilizoshika jambo lijulikanalo, kama ule wa hofu inayoenezwa kwa intaneti, na ule wa kuwakumbuka wanamuziki wenzao waliotangulia mbele ya haki.

Ya pili ni Absolute Elsewhere, yaani Mahali Pengine Kabisa, ya kundi la Blood Incantation kutoka Denver, Marekani. Ilirekodiwa katika studio za Hansa mjini Berlin na ikatolewa Oktoba 2024. Hili ni tawi ambalo wenyewe huliita la mauti: ngoma za miguu hukimbia kama mvua juu ya bati, gitaa huvuma chini kabisa, na mwimbaji hanyanyui sauti bali huingurumisha kooni. Albamu nzima ina tungo mbili tu, kila moja ikizidi dakika 20 na kugawanywa sehemu tatu. Katikati ya ngurumo hiyo hufunguka nafasi pana za utulivu, zenye vinanda vya umeme vya Thorsten Quaeschning wa kundi la Kijerumani la Tangerine Dream. Msomaji wa tenzi ataelewa ustadi unaotakiwa hapa: mtunzi mwenye pumzi ndefu lazima ajue wapi pa kumpumzisha msikilizaji. Katika hilo wamefaulu kuliko wengi wa tawi lao. Hata hivyo, masuala makubwa waliyoyakusudia, juu ya asili ya binadamu na ulimwengu, hayamfikii asiye na maandishi mkononi, kwa kuwa neno aghalabu halitamkiki. Sisi watunzi wa mashairi hatuwezi kulipita jambo hilo kimya. Sauti ya mwimbaji imegeuzwa chombo kingine cha muziki. Ni uamuzi halali wa fani, lakini una gharama, na gharama yenyewe ni ujumbe.

Kutoka huko twende Lomé, mji mkuu wa Togo, ambako kundi la Arka'n Asrafokor, likiongozwa na Rock Ahavi, lilitoa albamu iitwayo Dzikkuh mwezi Aprili 2024. Asrafo kwa Kiewe ni mpiganaji, na jina la albamu hutokana na neno la hasira. Wanaimba kwa Kiewe, Kifaransa na Kiingereza, na kando ya magitaa wameweka ngoma na kengele za kwao. Jambo la kutazama ni nafasi ya ngoma hizo. Katika nyimbo zao bora, kengele ndiyo inayoshika mwendo, na gitaa ndilo linaloifuata. Yaani mwenyeji amekaa kitini na mgeni amekaribishwa mkekani. Pale penye kasoro, ngoma hufungua mlango tu kisha hunyamaza, na gitaa hutawala kama lingetawala popote duniani. Vivyo hivyo kwa maneno: mistari ya Kiewe huja na mwito na mwitikio wa watu wengi, ilhali mistari ya Kiingereza mara nyingine huanguka katika kaulimbiu zilizozoeleka. Kwa jumla tunaiona kuwa kazi ya heshima, na mfano hai kwa Waafrika wenzao.

Albamu ya nne ni Te Rā, yaani Jua, ya kundi la Alien Weaponry la New Zealand, iliyotoka Machi 2025. Tawi lao ni la kasi, lenye gitaa la kukatakata kama msumeno. Ndugu wawili, Henry na Lewis de Jong, walilianzisha mwaka 2010 wakiwa na umri wa miaka 10 na 8. Walisoma katika shule inayofundisha kwa Kimaori, na hapa walimu wetu wasikilize kwa makini. Kwa vizazi kadhaa watoto wa Kimaori waliadhibiwa shuleni kwa kusema lugha yao. Mwaka 1982 wazee walianzisha vituo vya kuwalea watoto wadogo katika Kimaori, shule za msingi zikafuata, na mwaka 1987 sheria ikakifanya kuwa lugha rasmi. Vijana hawa ni matunda ya kazi hiyo. Katika albamu yao ya mwaka 2018 waliimba juu ya vita vya Gate Pā vya mwaka 1864, ambamo babu yao alipigana. Katika hii mpya wanaimba juu ya moko, michoro inayochanjwa usoni kuonyesha ukoo na heshima ya mtu, na pia juu ya upweke wa mtu mwenye marafiki elfu moja katika simu. Mwendo wa nyimbo za Kimaori hufuata haka, ngoma ya kukanyaga ardhi na kupiga kifua, kiasi kwamba ukiondoa lugha, wimbo utavunjika. Hii ndiyo albamu tunayoiweka mbele ya nyingine zote katika insha hii. Si kwa sababu ina ufundi kuzidi Judas Priest, la hasha, bali kwa sababu fani na maudhui vimeshikana.

Ya tano inatoka karibu nasi. Martin Kanja wa Kenya, ajulikanaye kama Lord Spikeheart, alitoa The Adept mwaka 2024. Kabla ya hapo, yeye na Sam Karugu waliunda kundi la Duma la Nairobi, ambalo albamu yake ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Katika tawi hili mitambo ya umeme imechukua nafasi kubwa ya gitaa, na sauti ya mwimbaji hupasua kama kioo. Albamu inamkumbuka Muthoni wa Kirima, mwanamke wa Mau Mau aliyefikia cheo cha Field Marshal na kukaa msituni hadi mwaka 1963, aliyefariki mwaka 2023, na ambaye mwimbaji anamhesabu miongoni mwa bibi zake. Hasira iliyomo ni ya kweli, na ubunifu wa sauti ni mkubwa. Hakika hapa hakuna kuiga. Lakini msikilizaji asiyesoma maelezo ya pembeni hatamkuta Muthoni ndani ya wimbo. Hatalisikia jina lake, wala msitu, wala njaa, wala kiapo. Historia imesimama mlangoni. Tunasema hivi kwa kuwa tunatamani kazi itakayofuata ya kijana huyu imwingize bibi ndani ya nyumba.

Sasa tunaweza kulijibu swali letu. Ala ngeni si dhambi, wala sauti kubwa si dhambi. Fani huwa mali ya watu pale lugha na kumbukumbu zao zinapokuwa nguzo za wimbo badala ya kuwa mapambo ya ukutani. Jambo hili si geni kwetu. Taarab iliingia Unguja katika jumba la Sultani, ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti binti Saad akaitia Kiswahili na habari za watu wa mitaani, na sahani zake zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928 zikaifikisha kwa umma wa pwani na bara. Leo nani ataiita taarab mali ya wageni?

Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Nia ilikuwa kuwalinda vijana na kasumba, lakini marufuku haiwezi kutunga wimbo. Mwalimu Nyerere, alipoitangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana mwezi Desemba 1962, alionya pia kwamba kuthamini utamaduni wetu si kukataa kujifunza kutoka kwa wengine. Mizani hiyo ingali inatufaa.

Tunawashauri walimu wa Kiswahili wauchukue wimbo mmoja wa aina hii, wawaache wanafunzi wauchambue kwa fani na maudhui, kisha wawape kazi ya kutunga beti za Kiswahili zinazolingana na mapigo yake. Watagundua jambo. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, nayo irabu hubeba sauti hata mtu apigapo ukelele. Na mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, mahali ambapo ngoma inaweza kuupokea. Kiswahili kinaweza kusikika ndani ya ngurumo ambamo lugha nyingine humezwa. Kinachosubiriwa ni mtunzi mwenye jambo la kusema.