Mwalimu na Daftari Lake Mwenyewe

Ifikapo tarehe 14 Oktoba, wahubiri wengi wa nchi hii huliweka kando somo la siku na kumhubiri Mwalimu Nyerere. Mahubiri hayo tumeyasikia mara nyingi kiasi kwamba tunaweza kuyamalizia wenyewe. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa chifu wa Wazanaki. Akabatizwa mwaka 1943. Akaiacha kazi ya ualimu pale Pugu mwaka 1955 kwa ajili ya kudai uhuru. Akatawala pasipo kujilimbikizia mali. Akang'atuka kwa hiari yake mwaka 1985. Akahudhuria misa kwa uaminifu hadi uzeeni. Yote hayo ni kweli. Ndugu zetu Wakatoliki, kupitia Jimbo la Musoma, walianzisha mwaka 2005 mchakato ambao huenda siku moja ukamfikisha katika orodha ya watakatifu, na tangu hapo wanamwita Mtumishi wa Mungu. Hatuna ugomvi na jambo hilo. Wao wana utaratibu wao, tena ni utaratibu wa kuuliza maswali mengi. Ugomvi wetu ni na sisi Walutheri, tusio na utaratibu wowote wa aina hiyo, ambao tumekwisha kumtangaza mtakatifu kimyakimya, kwa kumsifu bila kumsoma.

Kanisa letu halikatazi kuwakumbuka watakatifu. Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 21, lafundisha kwamba yafaa kuwakumbuka ili imani yetu ipate nguvu tuonapo jinsi walivyopewa neema, na ili kila mmoja aige matendo yao mema kwa kadiri ya wito wake. Wasomaji wachache hukumbuka mfano unaotolewa pale. Kaisari anaambiwa kwamba anaweza kumfuata Daudi, kwa sababu wote wawili ni watawala. Basi huyo ndiye mtakatifu tuliyepewa kwa ajili ya wenye madaraka: mtu aliyemchukua mke wa Uria, akapanga Uria afe vitani, kisha akakubali kunyooshewa kidole na nabii Nathani. Mtawala akumbukwaje, basi? Kwa mizani hiyo tunataka kuyasoma baadhi ya maandishi ya Mwalimu, maana aliandika mengi, na mengi aliyaandika kwa Kiswahili ambacho mzee wa kanisa aliyesoma darasa la nne anaweza kukifuata.

Tuanze na kijitabu kidogo kiitwacho Tujisahihishe. Alikiandika mwaka 1962. Mwezi wa Januari mwaka huo alikuwa ameacha uwaziri mkuu, wiki chache tu baada ya uhuru, ili akaijenge TANU. Ni maandishi ya mwalimu wa shule kabisa. Anataja kosa, analieleza maana yake, anatoa mfano, anaonyesha linavyozaa makosa mengine. Anawakemea wana-TANU wanaokataa hoja si kwa sababu ni mbovu bali kwa sababu aliyeitoa hawampendi. Anaukemea ubinafsi. Anawakemea viongozi wanaodhani wamekwisha kuhitimu na hawana la kujifunza tena. Kwetu sisi tunaosahihisha mitihani ya wanafunzi wa theolojia kila muhula, kijitabu hiki kina ladha tunayoifahamu: kalamu nyekundu mkononi, lakini bila kumvunja moyo mwanafunzi.

Neno lenyewe ni zuri. Hakusema "jisahihisheni". Alijiweka ndani ya darasa. Ila mwaka huohuo wa 1962 Bunge lilipitisha sheria iliyomwezesha Rais kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, naye ndiye aliyekuja kuwa Rais mwezi Desemba. Hatusemi kwamba kijitabu kilikuwa uongo. Twasema kwamba mtu aliyealika wenzake wamsahihishe alikuwa na sheria mezani iliyoweza kumnyamazisha msahihishaji, na msomaji wa haki anapaswa kuvisoma vyote viwili pamoja. Darasani ni vivyo hivyo. Mwalimu akisema "niulizeni swali lolote" huku fimbo iko juu ya meza, wanafunzi huitazama fimbo.

Walutheri wanapotaka kumlaumu Mwalimu, kwa kawaida huanza na shule. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitia shule za madhehebu mikononi mwa serikali, na manung'uniko yake tunayasikia mpaka leo kwenye mikutano ya sinodi. Katika hilo tunaona kwamba Mwalimu alikuwa na haki. Watoto wa Kiislamu na watoto wa sehemu ambako misheni haikufika walikuwa wameachwa nyuma, na sababu si akili yao. Kilichofanyika kiliuma, lakini kilikuwa ni kumpenda jirani kwa njia ya sheria, jambo ambalo Luther alilitarajia kwa watawala. Tena anayelaumu kwa sababu alinyang'anywa yeye mwenyewe hana budi kuipima lawama yake mara mbili.

Lawama iliyo nzito iko kwingine, nayo haiwahusu wenye shule bali wenye vibanda.

Mwaka 1968 Mwalimu alitoa andiko la Uhuru na Maendeleo. Hoja yake ni kwamba mtu haendelezwi na mtu mwingine; hujiendeleza mwenyewe kwa kushiriki katika kuamua na katika kutenda. Unaweza kumjengea mtu nyumba, lakini heshima yake na kujiamini kwake huwezi kumjengea. Kuhusu vijiji vya ujamaa alieleza waziwazi kuwa haviwezi kuundwa kwa nguvu, kwa sababu kijiji cha kulazimishwa si cha ujamaa tena. Hakuna andiko la kiongozi wa Afrika wa kizazi kile tunaloliona liko karibu zaidi na mafundisho ya Kikristo juu ya mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, ingawa andiko lenyewe halihubiri.

Mwezi wa Novemba 1973 mtu huyohuyo alitangaza kwamba kuhamia vijijini ni amri, na kwamba mwisho wa mwaka 1976 ndio uwe mwisho wa kazi hiyo. Likaja jambo ambalo watu bado wanaliita Operesheni, neno moja tu, bila haja ya kuongeza lingine. Malori yalipakia watu na vyombo vyao. Sehemu nyingine nyumba zilichomwa au kubomolewa ili wenyewe wasirudi. Watu waliacha mikorosho, migomba na makaburi ya wazazi, wakashushwa mahali ambapo pengine maji hayakuwapo. Kufikia mwaka 1977 watu zaidi ya milioni 13 walihesabiwa kuwa katika vijiji zaidi ya 7,000. Wapo walionufaika, shule, zahanati na visima vilifuata katika sehemu nyingi, na mhakiki asiyelisema hilo anadanganya. Lakini swali letu linahusu lile andiko la 1968. Kwa nini mwandishi wake hakulifuata?

Jibu la kawaida ni kwamba maofisa wa mikoa na wilaya walizidisha. Walizidisha kweli. Ila amri haikutoka wilayani. Sisi tunadhani jibu limefichwa ndani ya jina lile tunalolipenda. Mwalimu wa shule anajua kitu kimoja ambacho mwanafunzi hajui, yaani jibu. Huvumilia, huuliza, hutoa mifano, lakini kengele inakaribia kulia na mtihani uko mbele, basi siku moja huchoka kungoja na kuliandika jibu ubaoni, kisha huwaamuru wote walinakili. Uvumilivu wa 1968 na amri ya 1973 vimetoka katika moyo mmoja, tena moyo wenye upendo. Yakobo katika waraka wake, sura ya 3, anawaonya ndugu wasikimbilie kuwa walimu wengi, kwa maana hukumu ya mwalimu ni kubwa zaidi. Tumezoea kulisoma onyo hilo kwa ajili ya wachungaji. Lasomeka vizuri vilevile kwa ajili ya Ikulu.

Hapo katikati, Oktoba 1970, alikuwa amezungumza huko New York na masista wa Maryknoll, shirika ambalo ndugu zake mapadre walifanya kazi katika mkoa wa Mara alikozaliwa. Hotuba hiyo inastahili kusomwa katika kila chuo cha theolojia, na si vyuo vingi viisomayo. Aliwaambia kwamba Kanisa lisipopinga miundo inayowaweka watu katika umaskini, litahesabiwa kuwa upande wa dhuluma, na halitastahili kuendelea kuishi. Alikataa kumwaza Mungu aliye mnyonge, mjinga na mwenye hofu, ilhali ndivyo walivyo wengi wa viumbe walioumbwa kwa mfano wake. Twakubali. Lakini hotuba ile inaiona dhambi zaidi katika miundo, kana kwamba mtu anayeibadili miundo yuko salama na dhambi. Theolojia yetu haina mahali pa kumweka mtu wa namna hiyo. Anayevunja muundo wa dhuluma ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja, kama sisi sote, na asipokumbushwa hilo ataujenga muundo mwingine kwa mikono ileile.

Na nani alipaswa kumkumbusha? Kanisa lilikuwa limeambiwa na Mwalimu mwenyewe kwamba lisimame na maskini. Miaka mitatu baadaye maskini walipakiwa kwenye malori. Maaskofu wa KKKT walipotoa Tamko la Bagamoyo mwaka 1994 na kusema kwa ujasiri juu ya haki na utawala, vyama vingi vilikwisha kuruhusiwa miaka miwili kabla. Hapo Nathani alifika Daudi akiwa amekwisha kuhama Ikulu.

Kwa hiyo Mwalimu alilazimika kulisahihisha daftari lake mwenyewe, na huu ndio upande wake ambao mahubiri ya Oktoba huuruka. Februari 1977, Azimio la Arusha lilipotimiza miaka kumi, aliandika kijitabu cha kulipima. Mtawala mwingine angepanga gwaride na kuhesabu mafanikio. Yeye aliandika kwamba Tanzania bado si nchi ya kijamaa wala haijajitegemea, akaanza kueleza wapi tumeshindwa, idara kwa idara. Mwaka 1984, akihojiwa na jarida la Third World Quarterly, alitaja mambo mawili ambayo kama angeanza upya asingeyafanya: kuzifuta serikali za mitaa na kuvifuta vyama vya ushirika. Hakulazimishwa. Hakuwa ameshindwa uchaguzi.

Hata hivyo, msomaji mwangalifu aone kilichoungamwa na kisichoungamwa. Vilivyotajwa ni vyombo: serikali za mitaa, ushirika, uzalishaji. Juu ya Operesheni, kijitabu cha 1977 kinakubali kwamba kulikuwa na makosa ya viongozi hapa na pale, kisha kinajitetea kwamba mamilioni yale yasingeweza kuhamishwa kwa nguvu. Kihesabu huenda ni kweli. Ila mtu aliyechomewa nyumba si hesabu. Na nafsi inayosema katika maandishi yake ni "sisi" karibu kila mahali. Nasi tunalijua neno hilo, kwa maana katika ibada ya kila Jumapili tunaungama kwa wingi, na wingi huo unaweza kuwa unyenyekevu au maficho. Ndiyo maana Katekisimo Ndogo ya Luther inamwelekeza mtu atazame mahali pake mwenyewe: ni baba, mama, bwana, mtumishi? Amemtendea nani ubaya, kwa neno au kwa tendo?

Mfano wa ungamo la mtu mmoja ulikuwapo karibu sana, na hakuutoa Mkristo. Mwalimu mwingine wa shule, Ali Hassan Mwinyi, aliyefundisha Zanzibar kabla ya kuingia katika siasa, alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani katika miaka hiyohiyo. Washukiwa waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola mkoani Shinyanga waliteswa, na wengine wakafa. Yeye hakumpiga mtu. Alijiuzulu. Hakusema "sisi". Mwalimu alikubali kujiuzulu kwake, na miaka isiyofika kumi baadaye ni mtu huyohuyo aliyeshika urais baada yake. Twaliona jambo hilo kuwa la heshima kwa wote wawili, na lawafaa wahubiri kuliko habari za mshahara mdogo.

Hatumwondolei Mwalimu chochote kwa kusema haya. Daudi hakuondolewa katika Ungamo la Augsburg kwa sababu ya Uria. Tunachoomba ni kwamba katika vyuo vyetu Tujisahihishe kisomwe pamoja na sheria ya 1962, na Uhuru na Maendeleo lisomwe pamoja na amri ya 1973, kwa kalamu iliyo wazi. Na sharikani wapo wazee, wachache sasa, waliopanda malori yale wakiwa vijana na watoto mgongoni. Wengi wao wanampenda Mwalimu. Wengine wanajua mpaka leo mahali ilipokuwa jiko la nyumba ya kwanza. Ifikapo Oktoba, mhubiri awatembelee hao kabla hajaandika hotuba yake.