Sharti Lililofichwa Mabanoni

Kifungu cha 553 cha Sheria ya Taratibu za Utawala ya Marekani, sheria iliyotiwa saini na Rais Truman mwaka 1946, husifiwa kwa kumpa mwananchi nafasi ya kutoa maoni kabla taasisi ya serikali haijabadili kanuni. Ukikisoma kwa mpangilio wake, sifa hizo zinapungua.

Kinaanza kwa kutaja yasiyohusika: mambo ya kijeshi na ya nje, utumishi wa ndani, mali ya umma, mikopo, ruzuku, mikataba. Ndipo linakuja sharti la kutangaza rasimu, na papo hapo misamaha yake: kanuni za ufafanuzi, matamko ya sera, taratibu za ndani, na penye “sababu ya msingi”. Mwananchi anajitokeza katika kifungu kidogo cha tatu. Ni kama mgeni anayeonyeshwa mlango wa kutokea kabla ya kukaribishwa kiti.

Sentensi ya sababu ya msingi ndiyo ya kuichunguza. Anayeamua ni taasisi yenyewe: ikiona kwamba kuwashirikisha wananchi hakuwezekani, si lazima, au kunapingana na maslahi ya umma, inaendelea bila wao. Hali tatu, na moja tu inatosha. Ya tatu inanikera: maslahi ya umma yamegeuzwa hoja ya kutousikiliza umma. Na kile kinachoibana taasisi, yaani kuandika uamuzi huo na sababu zake kwa ufupi ndani ya kanuni, kimetiwa kwenye mabano. Mabanoni huwekwa la pembeni. Hapa ndimo limewekwa zito kuliko yote, maana bila maandishi hayo hakimu hana cha kupima.

Mwaka 2012 shirika la mazingira, EPA, liliiruhusu kampuni ya Navistar iendelee kuuza injini za malori zisizotimiza viwango, mradi ilipe faini, bila kuwauliza wananchi kwanza. Washindani wake, Mack wakiwamo, walishtaki, na mahakama ya rufaa ya Washington ikaitengua kanuni: kuinusuru kampuni moja si dharura ya umma. Januari 2022, Mahakama ya Juu ilikubali sababu zilizoandikwa katika kanuni ya chanjo ya UVIKO kwa wahudumu wa afya, iliyotolewa nayo bila kuwauliza wananchi kwanza: kwamba majira ya baridi yalikuwa yanakaribia. Sentensi ni ile ile. Kilichotofautiana ni uzito wa sababu.

Aprili 2025 Rais Trump alizielekeza taasisi zitumie msamaha huo kufuta kanuni zinazoonekana wazi kuwa haramu. Mlango uliowekwa kwa ajili ya dharura sasa unatakiwa kupitisha shughuli za kila siku, na umbo la kifungu halina la kuuzuia isipokuwa yale maneno machache ya mabanoni. Bunge la Marekani likipata kukirekebisha, liyafute mabano hayo, na sharti la kutoa sababu liwe sentensi kamili, itangulie misamaha yote.