Rambo wa kwanza, na zile dakika tunazokata

Bandugu, katika filme zote za kupigana zilizopita kwenye vyumba vya video vya Butembo na Beni, mimi naweka mbele First Blood, ile ya 1982. Rambo wa kwanza. Najua wengi mtabisha, juu kwetu mtu akisema "Rambo" anamaanisha wa pili, wa 1985, mwenye upinde na mishale inayolipuka. Jina lilienda mbali sana, hata Watanzania wakaita mfuko wa plastiki "rambo". Mwaka uleule wa 1985 ilitoka Commando ya Schwarzenegger, na tangu hapo akteri kwetu ni mtu wa misuli ambaye risasi zinamkwepa.

Kipimo changu ni hiki: umeme ukipotea, je, filme inasimulika? Simulia Rambo wa pili. Anatumwa Vietnam, anakuta wafungwa, wakubwa wanamsaliti, anapiga. Anapiga tena. Helikopta. Kwisha. Kwa macho ni tamu, lakini mdomoni haina kitu.

Simulia sasa wa kwanza. Kuna mwanaume anatembea kwa miguu barabarani, ana picha ya marafiki zake wa vitani. Anafika kwenye nyumba ya mmoja wao, anakuta mwanamke anaanika nguo. Anamwonyesha picha, anatabasamu, anaeleza jinsi walivyopigana pamoja. Mwanamke anamwambia huyo mtu amekufa, ni kansa, sababu ya ile dawa iliyomwagwa kule Vietnam. Basi hana mtu tena. Hapo hata ngumi moja haijapigwa, na anayekusikiliza amekwisha kuuliza: "Kisha?"

Kisha anaingia mji mdogo unaoitwa Hope, maana yake Tumaini. Shefu wa polisi, Teasle, anamuona: nywele ndefu, koti la jeshi, mfuko wa kulalia. Anamwambia apande gari, anampitisha mji mzima na kumshusha ng'ambo ya daraja, kwa adabu kabisa, ile adabu ya mtu anayekufukuza. Rambo alikuwa anatafuta chakula tu. Anasimama, anaangalia barabara, halafu anageuka na kurudi mjini. Filme nzima iko katika kugeuka huko. Hakuna dola zilizoibwa, hakuna mtoto aliyetekwa kama katika Commando. Ni mtu mmoja amekataa kufukuzwa na mwingine amekataa kudharauliwa mbele ya mji wake. Vita inaanzia pale, na kila hatua inayofuata unaielewa.

Angalieni pia jinsi kitu kidogo kinavyotayarishwa. Ile kisu kubwa tunaoneshwa mapema, Teasle anaikuta kwenye mkaguo na kuuliza ni ya nini. Baadaye, porini, Rambo amejeruhiwa mkono, anafungua mpini wa kisu ileile, anatoa uzi na sindano, anajishona mwenyewe. Hakuna aliyekuja kutueleza huyu ni mwanajeshi hodari. Tumeona. Na tumeona bei yake: baridi, damu, kipande cha turubai alichokiokota akakifanya nguo. Ndiyo maana hata kopi mbaya, yenye mistari na sauti ya kukwaruza, haikuiua filme hii. Rambo mwenyewe anasema maneno machache sana, kwa hiyo msimulizi wa Kiswahili alipata nafasi. Watu wa kazi ile, kama Lufufu wa Tanzania au DJ Afro wa Kenya, walijua kwamba akteri mkimya ni mali: unaweza kumtia mdomoni hata mithali za bibi yako na picha isikusute.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalioni. Katika filme yote, mtu tunayemwona akifa ni mmoja, yule polisi Galt aliyening'inia nje ya helikopta akitaka kumpiga Rambo kama kima kwenye ukuta wa mwamba. Wengine wote Rambo anawajeruhi na kuwaacha. Anamshika Teasle, anamwekea kisu shingoni, anamwambia aache, yaishe. Angeweza kumaliza pale. Mwenye nguvu ambaye anajizuia anatisha kuliko mwenye kumimina risasi, na nafikiri hilo ndilo Rambo wa pili alilopoteza.

Siyo kwamba filme haina kasoro. Askari wa akiba wanaoletwa ni vichekesho, na sehemu ya mgodi wenye panya inachosha. Kubwa zaidi: Vietnam ni kidonda cha Mmarekani tu. Waliochomewa vijiji hawana hata sura moja nzuri ndani. Sisi ambao tumekaa upande wa kijiji wakati wanaume wenye bunduki wanapita, tunapaswa kuona pengo hilo haraka kuliko watu wengine.

Na hapo ndipo filme inanigusa pabaya. Tukiitazama, sote tuko na Rambo. Teasle tunamcheka. Lakini toka kwenye chumba cha video, shuka barabara ya Rughenda jioni, akutokee kijana usiyemjua, mchafu, na koti la jeshi, na hana kadi ya uchaguzi ya kuonyesha. Wewe utakuwa nani? Tangu Oktoba 2014 wameuawa watu wengi sana Beni, na waliowaua walitoka porini. Tangu Mei 2021 mkoa wetu uko chini ya utawala wa kijeshi. Mgeni anaulizwa anatoka wapi kabla hajaulizwa kama amekula, na siwezi kusema wanaouliza ni wajinga. Mwandishi wa filme hakutufikiria sisi, lakini alimpa Teasle haki ya kutosha kwamba mtu wa Butembo anaweza kumtetea. Commando haiwezi kubishaniwa hivyo. Hakuna wa kumtetea Bennett.

Sasa tufike mwisho, ambao kwetu karibu hauonwi. Rambo amebomoa nusu ya mji, amemjeruhi Teasle, anabaki na kolonele wake wa zamani, Trautman. Na anaanza kusema, yeye aliyekuwa bubu. Anasema huko walimkabidhi mashine za dola milioni, hapa hawampi hata kazi ya kupanga magari. Anasema juu ya rafiki aliyepasuliwa na bomu mikononi mwake. Analia kama mtoto, makamasi na yote. Katika chumba cha video ndiyo wakati watu wanasimama na kupangusa suruali. "Sasa huyu analia nini? Weka ingine!" Na mwenye kifaa anaweka ingine.

Wenye licence wanaoendesha moto hapa mjini, hayo ya kukosa hata kazi ndogo mngeyaelewa bila msimulizi. Na wale vijana wanaotoka porini, wanaokabidhi silaha na kuambiwa warudi nyumbani, wangeyaelewa kuliko sisi.

Katika kitabu cha David Morrell cha 1972 Rambo anakufa. Hata filme ilipigiwa mwisho wa namna hiyo, wakauacha. Kwetu tunasema akteri hafi, basi tukadhani kumbakiza hai ni kutufurahisha tu. Mimi naona ilikuwa adhabu kali zaidi, juu kufa kungewapumzisha Teasle na mji wote. Amebaki hai, amefungwa pingu, na lazima mtu fulani ajue atamweka wapi.

Jumamosi hii tukiitazama pamoja, naomba kitu kimoja kwa anayeshika rimoti: asikate mpaka majina yameanza kupita.