Dakika Tatu za Leba ya Haydom

Mwaka 2013 watafiti wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, pamoja na wenzao wa Stavanger nchini Norway, walichapisha matokeo ambayo hospitali nyingi zingeyafungia kabatini. Wakunga wa Haydom walikuwa wamepewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua, mafunzo yanayojulikana kwa jina la Helping Babies Breathe. Walipopimwa kwa mdoli miezi saba baadaye walifanya vizuri: waliofaulu zoezi la kumpumulisha mtoto walipanda kutoka asilimia 18 hadi asilimia 74. Lakini kwenye leba, kwa watoto wenyewe, mambo yalikuwa yale yale. Kunyonya ute na kupumulisha kwa mfuko hakukubadilika, na kumsugua mtoto mgongo ili ashtuke alie kulipungua. Vifo ndani ya saa 24 za kwanza vilibaki pale pale.

Nina heshima kubwa kwa ripoti hiyo. Kila wiki nchini kuna semina ya siku moja: watu wanasaini mahudhurio, wanafanya jaribio la mwisho, wanapewa cheti, na mratibu anaandika kwamba uelewa umeongezeka. Uelewa unaongezeka kweli, kama ulivyoongezeka Haydom. Hakuna anayerudi wodini kuangalia mikono ya watu saa nane usiku. Haydom walirudi, na yote yaliyofuata yanatokana na hilo.

Hospitali hii ilianzishwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955 na sasa iko chini ya KKKT, Dayosisi ya Mbulu. Iko mbali na miji mikubwa, mahali wanapokutana Wairaqw, Wadatoga, Wanyisanzu na Wahadzabe, kwa hiyo leba moja inaweza kusikia lugha nne zisizo na undugu wowote. Ukitazama ramani usingefikiri kwamba hapo pana kituo cha utafiti kinachosomwa na madaktari wa dunia nzima. Watu wa Mbulu wenyewe, wanaoijua kama mahali pa kujifungulia na kutibiwa mifupa, si wote wanaojua.

Msingi wa kazi uliwekwa mwaka 2009, na haukuwa mashine. Wasaidizi wa utafiti walifundishwa kusimama leba kwa zamu, usiku na mchana, na kutazama kila uzazi wakiwa na saa ya kuhesabu sekunde. Hawakuzalisha wala hawakumshauri mkunga. Kazi yao ilikuwa kuandika: mtoto ametoka sekunde ipi, amelia lini, kitovu kimekatwa lini, amesuguliwa, amenyonywa ute, mfuko wa kupumulisha umewekwa usoni lini na umeondolewa lini, na baada ya siku moja yuko wapi. Leba nyingi huandika mambo hayo baadaye, kwa kumbukumbu ya mtu aliyechoka, na kumbukumbu hiyo daima huwa na huruma kwa mwenyewe. "Alipumulishwa mara moja" inaweza kuwa sekunde 40 au dakika tatu.

Saa hizo ndizo zilizotoa takwimu iliyotangazwa mwaka 2012 katika utafiti ulioongozwa na Daktari Hege Ersdal. Kwa mtoto asiyepumua, kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpumulisha ziliongeza hatari ya kufa, au ya kulazwa kwa muda mrefu, kwa asilimia 16. Sekunde 30 huishia kwenye mambo madogo tu: kutafuta mkasi, kumvusha mtoto kutoka kitanda cha mama hadi meza ya pembeni, kuita mwenzako, kuunganisha barakoa na mfuko uliooshwa jana na kuwekwa kabati tofauti. Hakuna uzembe hapo, na mtoto anapoteza hewa.

Sasa tuangalie walichobadilisha. Kuanzia Februari 2011 mafunzo yalihamishiwa wodini. Badala ya siku nzima ukumbini, yalikuwa mazoezi ya dakika tatu hadi tano, kila wiki, kwenye mdoli uliowekwa jirani na kazi. Mdoli wenyewe, NeoNatalie, ni mfuko wa plastiki unaojazwa maji mpaka mkono uhisi uzito wa mtoto. Una vibonyezo vya mpira: mwenzako akikiminya kimoja, kitovu kinapiga kama mapigo ya moyo, akikiminya kingine, kifua kinapanda. Mkunga anaukausha, anausugua mgongo, anaangalia. Haupumui. Anaweka kichwa sawa, barakoa inafunika kidevu, mdomo na pua bila kugusa macho, anabana mfuko kwa mwendo wa pumzi 40 kwa dakika. Kama hewa inavuja shavuni kifua hakipandi, na wote wawili wanaona. Anarekebisha mkono. Zoezi limekwisha, anarudi kwa mama aliyekuwa akimhudumia.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2015, mwandishi wa kwanza akiwa Estomih Mduma wa Haydom. Mwaka mmoja kabla ya mazoezi hayo, kati ya uzazi 4,894, vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilikuwa 11.1 kwa kila 1,000. Mwaka uliofuata, kati ya uzazi 4,814, vilikuwa 7.2. Watoto waliosuguliwa waliongezeka kutoka asilimia 14.5 hadi 16.3. Waliopumulishwa kwa mfuko walipungua kutoka asilimia 7.3 hadi 5.9.

Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mtu angetarajia mazoezi ya kupumulisha yazae kupumulisha kwingi zaidi. Kulipungua, na tafsiri ninayoiona inafaa ni kwamba mkunga aliyezoea kuanza mapema anamkuta mtoto akiwa bado anaweza kuitikia kusuguliwa. Akichelewa kidogo, mtoto huyo huyo anavuka mpaka ambapo kusugua hakutoshi na lazima hewa iingizwe. Bila wale watazamaji na saa zao, tungebaki na hesabu ya vifo tu, na tungedhani mfuko ndio uliookoa.

Ushahidi huo una udhaifu wake. Kulinganisha mwaka huu na mwaka jana katika hospitali moja hakuzuii mambo mengine kuingia: daktari mpya, gari jipya la wagonjwa, akina mama wanaofika mapema zaidi. Kwa hiyo swali likapelekwa kwenye mradi mkubwa wa Safer Births Bundle of Care, ukiwa na makao Haydom na ukiongozwa kitafiti na Daktari Benjamin Kamala. Vituo 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza viliingia kwa awamu, kura ikiamua nani atangulie, ili kila kituo kilinganishwe na hali yake ya awali na pia na vile vilivyokuwa bado vinasubiri. Vifaa vilikuwepo, kikiwemo Moyo, kipimo cha mapigo ya mtoto tumboni kilichojaribiwa leba ya Haydom yenyewe. Lakini mhimili ulikuwa ule ule: mazoezi mafupi ya mara kwa mara, yakisimamiwa na watumishi wa kituo husika.

Ripoti iliyotoka Februari 2025 katika New England Journal of Medicine ilionyesha vifo vya watoto wanaokufa wakati wa uchungu au ndani ya siku ya kwanza vikishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000, sawa na punguzo la asilimia 18 baada ya marekebisho ya kitakwimu. Vifo vya akina mama vilipungua kwa takriban asilimia 75. Magazeti yalishika hiyo asilimia 75, na si vibaya. Mimi nimekaa zaidi na tofauti kati ya mkoa na mkoa, ambazo zilikuwa kubwa. Mdoli ni ule ule, mwongozo ni ule ule, matokeo yamepishana. Hapo ndipo uchunguzi unapaswa kwenda sasa, na kwa njia ile ile ya 2009: kukaa kwenye leba ambako idadi haikushuka na kuhesabu ni wangapi walifanya zoezi wiki hiyo, mkunga mmoja alikuwa na akina mama wangapi kwa zamu, na mfuko wa kupumulisha ulikuwa hatua ngapi kutoka kitandani.