Mfarishi Usio na Jina

Kanga ina sehemu tatu, na mtu wa pwani huzijua kabla hajajua kusoma: pindo, mji na jina. Pindo huizunguka nguo, mji hukaa katikati, na jina ni yale maneno yaliyopigwa chapa upande wa chini wa mji, ambayo kwayo nguo husema lile ambalo mwenye kuivaa hakutaka kulitamka kwa kinywa chake. Mnunuzi wa Darajani huuliza jina kwanza. Rangi huja baadaye. Mazoea haya yamemlea mhakiki wa visiwani katika kuamini kwamba nguo isiyoandikwa ni nguo bubu. Ndiyo maana mfarishi wa viraka hutazamwa tu, hausomwi.

Mfarishi unaokusudiwa hapa ni ule wa faraja. Ni tandiko la kujifunika lenye uso wa vipande vilivyounganishwa, tabaka la kati la kuleta joto, na mgongo wa kitambaa kimoja. Hushonwa, humaliziwa kwa mkono, kisha hutolewa kwa mtu ambaye mshonaji hamjui sura wala kabila. Mgonjwa wodini, yatima, mkimbizi, bibi kizee aliyezika wanawe. Huko Marekani kazi hii ni ya tangu zamani. Shirika la Lutheran World Relief, lililoanzishwa mwaka 1945 kwa ajili ya watu walioharibiwa na vita vya Ulaya, limekuwa likikusanya mifarishi ya akina mama wa makanisani na kuituma ng'ambo, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoipokea. Kipimo chake kinajulikana: inchi 60 kwa 80, matabaka matatu, yakashikwa kwa mafundo. Naam, ni umbo lenye arudhi yake, kama shairi la mizani kumi na sita. Na kila chenye arudhi kinaweza kuhakikiwa.

Mahali pa kuujaribu uhakiki huo ni Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili za mkoa wa Kagera ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja. Hiyo ni nchi ya vilima na migomba, iliyoinuka zaidi ya mita elfu moja na mia tano juu ya bahari katika sehemu zake nyingi, na usiku wa kiangazi cha Juni na Julai mtu wa Unguja angeshangaa kuiona pumzi yake. Huko neno kujifunika lina uzito ambao huku pwani halina. Tena ni nchi iliyofunika wengi. Mkoa wa Kagera ndio ulioonekana wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania, mwaka 1983, na miaka iliyofuata ikawaacha mabibi wakilea wajukuu katika nyumba zilizokosa kizazi cha kati. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu wakavuka mpaka kwa makundi makubwa. Wengi walisimama Ngara, lakini Karagwe nayo ilikuwa na makambi yake, Chabalisa na Kagenyi yakiwamo, mpaka Desemba 1996 waliporudishwa kwao. Nguo ya makambi ilikuwa turubai la plastiki na blanketi la kiwandani, moja sawasawa na jingine. Blanketi lile liliokoa roho za watu, wala hapana atakayelidharau. Lakini lilimwambia kila aliyelipokea neno moja tu: wewe ni mmoja katika hesabu.

Wala isidhaniwe kwamba Karagwe ilianza kuijua nguo kwa kupewa sadaka. Katika karne ya kumi na tisa wafanyabiashara waliotoka Unguja kwa njia ya Tabora walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na makao ya mfalme Rumanyika, na merikani na kaniki zilipanda vilima vile mabegani mwa wapagazi. Na kabla ya merikani, nchi zote zinazozunguka sehemu hiyo ya ziwa, tangu Buganda hadi Buhaya, zilikuwa zikivaa na kuzikia nguo ya gome la mti. Mti wenyewe ni wa jamii ya mkuyu, Waganda huuita mutuba. Gome hubanduliwa wakati wa mvua, hulainishwa kwa mvuke au kwa maji ya moto, kisha hupondwa kwa nyundo za mti zenye mifuo, mpaka lipanuke na kuwa jororo kama kitambaa, nalo hukauka juani likapata rangi ya udongo mwekundu. Mti ulioachwa uchi huvikwa majani ya mgomba ili upone na uote gome jingine. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huo wa Uganda kuwa miongoni mwa hazina za urithi wa binadamu.

Lililo kubwa kwa hoja hii ni dogo kwa macho. Gome lina matundu, kila mahali palipokuwa na tawi au kovu. Fundi hayafichi wala hautupi ule ukurasa wa gome. Hukata kiraka cha gome hilo hilo na kukishonea juu ya tundu kwa mishono iliyo wazi. Nguo ya mfalme ilikuwa na viraka. Sanda ilikuwa na viraka. Katika mapokeo hayo kiraka hakikuwa alama ya ufukara, bali ushahidi kwamba mtu fulani aliipitia nguo yote kwa vidole vyake, akitafuta mahali ambapo baridi ingeingia.

Kwa hiyo mfarishi unapofika Nyakahanga au Isingiro haufiki kwa watu wasiojua kiraka ni nini. Unafika kwa mahakimu. Na hapa ndipo inapobidi kuipinga kauli iliyozoeleka, kwamba kitu cha sadaka hakikaguliwi, na kwamba nia njema hutosha. Kauli hiyo imeiharibu mifarishi mingi, na imeyaharibu mashairi mengi zaidi. Msomaji wa magazeti ameyaona yale mashairi ya rambirambi, ambayo vina vyake vimevunjika, mizani imepelea, maneno yamekopwa kutoka kwa maiti wa jana, na mhariri ameyapitisha kwa sababu mtunzi ana msiba. Nani atamkosoa mfiwa? Matokeo yake ni kwamba aliyestahili kilicho bora kabisa, marehemu, amepewa kilicho hafifu. Vivyo hivyo katika ushonaji: kitambaa kilichochakaa hata hakimfai mshonaji, vipande visivyofuliwa kabla ya kushonwa, rangi zitakazochuja mara ya kwanza zitakapoguswa na maji, vyote husukumwa ndani ya mfarishi wa faraja kwa hoja kuwa mwenye shida atashukuru. Atashukuru, ndiyo. Shukrani ya mwenye shida si uhakiki.

Basi mfarishi usomwe vipi? Uso wake ndio mji, ila ni mji wenye mitaa mingi. Kwenye baraza za mafundi cherehani wa Kayanga na Omurushaka, chini ya meza, hukaa mfuko wa mabaki ya vitenge: kipembe cha mkono, ukanda wa kiuno, nusu ya ua. Vipande hivyo havina udugu. Mshonaji hafifu huvipanga kama vilivyotoka mfukoni na kuita huo uhuru. Mshonaji hodari hutafuta kina. Rangi moja, tuseme buluu iliyoiva, huirudisha kila baada ya vipande vitatu au vinne, ikitua mahali ambapo jicho limekwisha kuingojea. Na baina ya mituo hiyo vitenge vyenye kelele hupata ruhusa ya kupiga kelele. Huu ni ufundi ule ule wa kina cha kati na kina cha mwisho. Mtu anayeulalia mfarishi huo akiwa na homa, siku ya tano, hana kitu kingine cha kutazama. Jicho lake litaifuata ile buluu kutoka magotini hadi kifuani na kurudi. Hiyo ni kazi ya shairi, na hufanyika bila ya herufi hata moja.

Tabaka la kati ndilo linalosahauliwa na wengi, nalo ndilo linaloamua. Mshonaji wa nchi ya theluji hupenda kujaza; kwake uzito ni upendo. Lakini nguo ya Karagwe hufuliwa kwa mkono, huanikwa juu ya majani au kwenye ua, na kuna misimu miwili ya mvua kwa mwaka. Mfarishi mnene ukishaloa huwashinda mabibi kuunyanyua, na masika haukauki kwa siku mbili tatu, ukaanza kunuka uvundo. Hapo faraja imegeuka mzigo. Blanketi kuukuu jepesi lililofuliwa likalainika, au hata shuka mbili zilizopandishana, hufanya kazi bora kuliko pamba ya kiwandani ya unene wa kidole. Ni aibu ya kawaida ya kutafsiri: mfasiri huijaza beti maneno yote ya asili, asipoteze hata moja, na msomaji akashindwa kuibeba.

Kisha mafundo. Uzi mzito hupitishwa katika matabaka yote matatu, hurudishwa juu, hufungwa mara mbili na kukatwa, na kuachiwa ncha fupi. Baina ya fundo na fundo isizidi shubiri. Fundo likiwa mbali au likilegea, tabaka la kati husogea kila mfarishi unapofuliwa, mpaka mwisho joto lote limerundikana miguuni na kifua kimebaki na vitambaa viwili vitupu. Jambo hili halionekani siku ya kutoa. Picha hupigwa, wageni huondoka, mfarishi bado mzuri. Hukumu huja baada ya ufuaji wa sita au wa saba, wakati hapana shahidi isipokuwa mwenyewe anayeufua. Fundo ni mahali pekee ambapo mshonaji hufanya wema usioweza kusifiwa, maana likifungwa vyema halitasababisha lolote la kusimuliwa.

Pindo humaliza. Ziko njia mbili: kuuvuta mgongo uje mbele, ukunjwe mara mbili na kushonwa, au kukata ukanda wa peke yake na kuuzungushia. Njia ya pili ni ndefu na yenye kuchosha, hasa kwenye pembe nne, ambapo kitambaa hubidi kikunjwe mshazari ili kisifanye nundu. Mtu akitaka kujua kama mshonaji alimheshimu aliyemshonea, aache mji na rangi zake. Ashike pembe moja na kuigeuza nyuma. Pembe iliyochokwa huonekana, kama beti ya mwisho ya mtunzi aliyekwisha kuuona usingizi.

Ulimwengu wa sanaa umekwisha kukubali kuwa mfarishi waweza kusomwa, ingawa umeusoma nusu. Mwaka 2002 mifarishi ya wanawake weusi wa Gee's Bend, Alabama, iliyoshonwa kwa nguo kuukuu za kazi za shamba, ilitundikwa katika jumba la sanaa la Houston na baadaye New York, na wahakiki wakailinganisha na michoro ya wasanii wakubwa wa karne. Sifa ilistahiki. Lakini kitu kilichotundikwa ukutani huonyesha uso tu. Mgongo, uzito na fundo vilikosa mhakiki, na hivyo ndivyo vilivyowatia watoto wa Gee's Bend joto.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na majonzi ya Kagera. Mwaka 1987 mjini Washington ulitandazwa mfarishi wa ukumbusho wa waliokufa kwa UKIMWI, vipande 1,920 siku ile ya kwanza, kila kimoja futi tatu kwa sita, kiasi cha kaburi, na juu yake jina la marehemu. Ule ulihitaji jina, kwa kuwa wengi katika wale walizikwa kwa kificho, na mfu hawezi kujitaja. Ila mfarishi wa faraja ni wa aliye hai.

Na hapa linarudi lile swali la kanga. Washonaji wengine, kwa nia njema ile ile, hushonea pembeni kibandiko chenye jina lao au la kikundi chao. Kanga ina jina, watasema, kwa nini mfarishi usiwe nalo? Lakini jina la kanga huchaguliwa na mwenye kuivaa. Yeye ndiye anayesema kwa nguo, hata maneno yakiwa yametungwa na mwingine. Kibandiko cha mfadhili humfanya mgonjwa alale chini ya sauti ya mtu mwingine, aitangaze kila anapojifunika. Nguo isiyoandikwa humwachia mpokeaji kauli yake. Kile kilichoonekana na jicho la pwani kuwa ubububu ni adabu, na ni adabu ngumu kwa mshonaji aliyetoa majuma yake matatu.

Mfarishi hutoboka kwanza kwenye pindo, upande wa kichwani, pale ambapo mikono huushika kuuvuta usiku. Baada ya miaka kadhaa ukingo huo huwa nyuzi tupu. Ndipo mwenye nao, huko Nkwenda au Kaisho, hununua utepe wa kitenge sokoni, kijani pengine, usiolingana na chochote kilichokuwamo, akauzungushia kwa mkono, mshono wake mrefu kuliko ule wa kwanza na uzi wake mweusi. Mshonaji wa kwanza hatauona. Watunzi wa huku wana jina la shairi linalopokea shairi kwa namna hiyo: wanaliita jibu.